VITENZI VYA FUNDI: Uhakiki wa Istilahi za Hitilafu za Umeme Jikoni

UTANGULIZI

Istilahi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake wala kwa nafasi iliyopewa katika orodha. Hupimwa pale fundi anapoitamka mbele ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akatenda lile lile ambalo fundi alikusudia. Ikiwa mmoja amesema hili na mwingine ameelewa lile, basi istilahi hiyo imeshindwa kazi, hata kama imepitishwa na wataalamu wote.

Katika makala haya twakusudia kuhakiki kundi dogo la maneno: yale yanayotumika kuelezea hitilafu za umeme katika chombo kinachowekwa juu ya jiko ili kuondoa moshi, mvuke na harufu ya mafuta. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo. Kwetu sisi si dogo, kwa sababu katika chombo hiki hukutana vitu vitatu visivyopatana, yaani umeme, mafuta ya kupikia na maji ya mvuke. Na neno likikosewa mahali hapo, mkono wa mtu ndio unaolipa.

Tumeichagua Mlabani, kata ya mji wa Ifakara, kuwa mahali pa kuyapimia maneno haya, na tunazo sababu mbili. Kwanza, bonde la Kilombero ni jirani wa chimbuko la umeme wa taifa. Kituo cha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kilianza kazi mwaka 1975, na baada ya kupanuliwa mwaka 1980 kikafikia uwezo wa megawati 204. Kile cha Kihansi, kilichokamilika mwaka 2000, kina uwezo wa megawati 180. Pili, huu ni mji ambao bado wapika kwa kila njia: kuni, mkaa, gesi na umeme. Wali wa Kilombero hupikwa juu ya mafiga matatu, na hupikwa pia katika majiko ya nyumba za wageni yenye feni na swichi ukutani. Hivyo maneno ya kale ya moshi na maneno mapya ya umeme yanaishi chini ya paa moja, na mara nyingine yanagombana.

Hoja yetu kuu ni hii. Orodha zetu za istilahi zimejaa nomino. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika ya kuvipa vitu majina. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ni ushahidi mmoja wa juhudi hizo, nasi hatuna nia ya kuzibeza. Lakini fundi anapotafuta hitilafu hafanyi kazi kwa nomino peke yake. Yeye hufunga, hufungua, huvuta, hukata, huwasha na huzima. Hatari kubwa imejificha katika vitenzi hivi, navyo ndivyo tulivyoviacha bila kuviangalia.

JINA LA CHOMBO CHENYEWE

Tuanze na nomino moja, kwa kuwa hata hiyo haijatulia. Chombo tunachokizungumzia huitwa kwa majina mengi: kofia ya moshi, feni ya jikoni, kivuta moshi, dohani ya umeme, na wapo wasemao hudi. Yafaa tuyapime moja baada ya jingine.

"Kofia ya moshi" ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza. Kosa lake ni kwamba latazama umbo na kuisahau kazi. Kofia hufunika, chombo hiki hakifunikii moshi, bali huuondoa. Mtu ambaye hajapata kukiona hawezi kuijua kazi yake kwa kulisikia jina hilo.

"Feni ya jikoni" ni jina la watu, tena lina ukweli, kwa maana ndani ya chombo kuna feni. Lakini feni kwa Mtanzania, au pangaboi lile la darini, ni kitu kinachomletea mtu hewa. Hiki huiondoa. Zaidi ya hayo, jiko laweza kuwa na feni ya kawaida mezani au darini, na fundi akiambiwa "njoo utazame feni ya jikoni" hatajua aje na ngazi au aje na bisibisi tu.

"Kivuta moshi" laonekana zuri kwa mtazamo wa kwanza, kwani limeundwa kwa njia ya Kiswahili. Tatizo lake ni kitenzi. Kuvuta moshi ni tendo la mvutaji wa sigara. Tena, katika lugha ya umeme, kuvuta kuna maana nyingine mbili: mtu "huvuta umeme" anapouingiza nyumbani kwake, na kifaa "huvuta umeme mwingi" kinapotumia nguvu kubwa. Sasa mwenye mgahawa akimwambia fundi, "Kivuta moshi changu kinavuta sana siku hizi," je, anakisifu au anakilalamikia? Je, ni moshi unaoondoka vizuri, au ni uniti za Luku zinazokwisha upesi? Sentensi haina jibu.

"Dohani" ni neno lenye heshima. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya moshi, nalo limetumika kwa bomba la moshi la nyumba na la meli. Lakini dohani haina mota. Hupandisha moshi kwa kuwa hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda yenyewe. Kuita chombo kizima "dohani ya umeme" ni kuifanya njia ya moshi kuwa ndiyo mashine.

"Hudi", nalo, halimsaidii mtu yeyote. Halieleweki kwa mpishi, na halijaenea kwa mafundi kiasi cha kulitetea.

Sisi twapendekeza "kifyonzamoshi", kwa wingi "vifyonzamoshi". Kitenzi kufyonza kimekwisha kuzoeleka katika "kifyonza vumbi", na hakina mgongano na sigara wala na Luku. Muundo wake ni ule ule wa "kipimajoto", ambao hakuna anayeuona kuwa mgeni leo. Uzuri wa pendekezo hili ni kwamba halimfukuzi mtu. Majina yaliyoshindwa kuwa jina la chombo kizima yapewe sehemu zake: kofia iwe bamba la nje linalokinga moshi juu ya jiko, feni iwe gurudumu la mapanga lililo ndani, dohani iwe bomba linaloupeleka moshi nje. Hivyo maneno matatu yaliyokuwa yakishindana sasa yanashirikiana katika kazi moja.

NENO "SHOTI" NA MZIGO WAKE

Hakuna neno la umeme linalotumika sana mitaani kuliko shoti, na hakuna lililotwishwa mzigo mkubwa kuliko hilo. Tuzihesabu maana zake. Nyaya mbili zikigusana, "imepiga shoti". Mtu akishtuliwa na umeme, "amepigwa shoti". Kifaa kikikataa kuwaka kwa sababu yoyote ile, "kina shoti". Hata nje ya umeme, wakala wa fedha za simu akihesabu jioni na kukuta pungufu, husema amepata shoti. Maana hii ya mwisho tuiache kwa wenyewe, haidhuru. Hizo tatu za mwanzo ndizo zinazodhuru.

Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hili, na tutumie hesabu. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Kifyonzamoshi cha wati 200 kikiwa kizima huchukua mkondo usiofika ampea 1. Waya ukikatika ndani yake, mkondo huwa sifuri. Nyaya mbili zikigusana na ukinzani wa njia nzima ukabaki nusu ya omu, mkondo hutaka kupanda hadi ampea 460, na hapo fyuzi isipokatika upesi, nyaya huungua. Umeme ukivuja kidogo hadi kwenye kofia ya bati, mkondo unaopita katika mwili wa mpishi waweza kuwa mdogo mno kuweza kukata fyuzi, nao ukatosha kumdhuru. Ndiyo maana vifaa vya kinga vya majumbani vinavyotambua uvujaji hutengenezwa vikate umeme mvujo unapofikia miliampea 30.

Basi tuna hali tatu: sifuri, mamia ya ampea, na sehemu ndogo ya ampea moja. Sababu zake ni mbalimbali, dawa zake ni mbalimbali, na hatari zake ni mbalimbali. Nasi tumezipa zote neno moja! Mwenye nyumba aliyezoea kuambiwa kila mara kuwa "ni shoti kidogo tu" hatashangaa fyuzi ikikatika mara ya tatu. Atatafuta kipande cha waya mnene akiweke mahali pa fyuzi, na nyumba itabaki bila mlinzi.

Je, tulifute neno shoti? La hasha. Neno ni la mafundi, limeenea, na lina maana ya kweli katika maana yake ya kwanza. Wako ambao wangependa kulitafsiri kuwa "mkondo mfupi". Hilo ni kosa la wazi: katika hali hiyo mkondo haufupiki hata kidogo, bali hukua kupita kiasi. Kilichofupika ni njia. Twapendekeza shoti ibaki, lakini irudishwe nyumbani kwake, yaani iwe hali ya umeme kupita njia ya mkato isiyo na ukinzani wa kutosha. Kukatika kwa njia ya umeme kuitwe mkato. Kutoroka kwa umeme hadi mahali usipostahili kuwepo kuitwe mvujo. Na mtu asipigwe shoti tena. Apigwe na umeme, au apate mshtuko wa umeme. Maneno haya yote yameundwa kwa vitenzi ambavyo mtoto wa shule ya msingi anavijua, wala hayahitaji kamusi.

KUFUNGA NA KUFUNGUA

Sasa tumefika penye hatari kubwa zaidi. Tuchukue kitenzi kufunga. Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba saketi ikifungwa mkondo hupita, na ikifunguliwa mkondo husimama. Mafundisho haya ni sahihi kabisa, kwa sababu saketi ni kama duara: likifungwa limekamilika.

Lakini mwenye nyumba hakujifunza kufunga kutoka katika saketi. Alijifunza kutoka katika mlango na bomba la maji. Bomba likifungwa, maji husimama; likifunguliwa, maji hutoka. Kwake yeye, kufunga ni kusimamisha. Na fundi naye ana kufunga kwake: yeye "hufunga umeme" nyumbani kwa watu, "hufunga feni", "hufunga soketi", na maana yake ni kuweka mahali na kuunganisha.

Na tutunge sentensi ya mfano, ambayo mfasiri yeyote mwenye bidii na kamusi angeweza kuiandika: "Funga swichi kabla ya kuondoa kofia." Mwanafizikia ataisoma kuwa aruhusu umeme upite. Mpishi ataisoma kuwa auzuie. Fundi mwanafunzi ataisoma kuwa aiweke swichi ukutani kwanza. Wasomaji watatu, matendo matatu, na mmoja wao atatia mkono ndani ya mashine yenye umeme, hali ametii maandishi neno kwa neno.

Dawa ya jambo hili tunayo siku zote, nayo ni vitenzi washa na zima, chomeka na chomoa. Havina utata wowote. Hakuna Mswahili aliyepata kuzima taa kwa kuiwasha. Kwa hiyo twashauri kanuni: katika maelezo ya kazi yanayoandikwa kwa watu wote, kufunga na kufungua visitumike kabisa kwa swichi. Vibaki darasani pamoja na saketi, na vibaki kwa fundi pamoja na skrubu.

Kwa sababu hiyo hiyo twaikataa lugha ya "tenga kifaa na ugavi wa umeme", ambayo hupenda kujitokeza katika tafsiri. Ina sura ya usomi, lakini haimwambii mtu aguse nini. "Chomoa plagi" ni maneno mawili, na mkono unajua pa kwenda. Kama kifaa hakina plagi, semeni, "Zima swichi kuu."

MOTO NA ARDHI

Wako mafundi wasemao "waya wa moto" kwa waya unaoleta umeme. Ni sitiari nzuri, inayotia tahadhari. Lakini jikoni, penye moto wa kweli, sitiari hii hupotea. "Waya umepata moto" kwa mmoja ni kwamba umeme umefika, na kwa mwingine ni kwamba waya umechemka na mpira wake unayeyuka. Lile la kwanza ni habari njema, la pili ni dharura. Twapendekeza "waya hai" kwa waya unaobeba umeme, na moto ubakie moto.

Kuhusu waya wa tatu, mafundi husema ethi. Tafsiri ya "waya wa dunia" haifai, kwa kuwa dunia kwa Kiswahili ni ulimwengu pamoja na mambo yake. Umeme haupelekwi ulimwenguni, bali udongoni. "Waya wa ardhi" latosha, na lina faida ya kumweleza mtu wapi mwisho wa waya huo. Hatuna ugomvi na fundi asemaye ethi dukani; twataka tu maandishi yaeleze kazi yake.

MANENO YASIYOHITAJI KUGUSWA

Uhakiki si kubadilisha kila kitu. Mota, swichi, fyuzi, soketi, plagi, koili, beringi na kapasita ni maneno ambayo fundi anayasema, mwenye duka anayaelewa, na mnunuzi anayarudia. Mtu akitunga leo "kilimbikiza chaji" badala ya kapasita, atamtuma kijana dukani na kijana atarudi mikono mitupu. Kanuni yetu ni nyepesi: neno la mkopo libaki pale linapomfikisha mtu kwenye kitu, liundwe jipya pale la zamani linapoficha kazi au hatari.

JARIBIO

Istilahi zisizojaribiwa ni kama nguo isiyovaliwa. Hebu tuyatumie maneno yetu kuandika utaratibu wa kutafuta hitilafu, tuone kama yanatosha.

"Zima swichi ya ukutani, kisha chomoa plagi. Kama hakuna plagi, zima swichi kuu. Hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna waya hai kabla ya kuondoa kofia.

"Ikiwa taa na mota vyote ni kimya, tafuta mkato nje ya kifyonzamoshi kwanza: soketi, fyuzi ya plagi, na waya wake.

"Ikiwa taa yawaka na mota ni kimya, umeme umefika. Tafuta mkato katika swichi ya mwendo, katika koili, au katika kinga ya joto iliyomo ndani ya mota. Baadhi ya kinga hizi hurudi zenyewe mota ikipoa. Lakini tafuta sababu ya joto.

"Ikiwa mota yanguruma bila kuzunguka, izungushe feni kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Ikikataa, ni mkwamo: mafuta yameganda au beringi zimekwisha. Ikizunguka kwa urahisi, ishuku kapasita. Usiguse vichwa vya kapasita kabla ya kuitoa chaji, kwa maana yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

"Ikiwa fyuzi hukatika mara tu unapowasha, tafuta shoti. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya.

"Ikiwa kofia yamshtua mtu, kuna mvujo, tena waya wa ardhi haupo au una mkato. Hizo ni hitilafu mbili, nazo lazima zirekebishwe zote mbili.

"Ikiwa kila kitu chafanya kazi na moshi bado umejaa jikoni, hitilafu si ya umeme. Safisha chujio la mafuta, kisha tazama kama dohani imeziba."

Msomaji ataona kwamba hatukulazimika kutumia neno moja kwa maana mbili. Ataona pia kwamba kila hali ya chombo imeelekezwa kwenye hitilafu yake, na hitilafu kwenye dawa yake. Lau tungeandika "shoti" mahali pa mkato, mvujo na mkwamo, utaratibu wote ungekuwa sentensi moja: kifaa kina shoti, mwite fundi.

MAPENDEKEZO

Twawasilisha istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Kifyonzamoshi: chombo cha umeme kinachoondoa moshi na mvuke juu ya jiko.
Kofia: bamba la nje la kifyonzamoshi.
Dohani: bomba linalopeleka moshi nje ya nyumba.
Mkato: kuachana kwa njia ya umeme, mkondo usiweze kupita.
Shoti: kupita kwa umeme katika njia ya mkato yenye ukinzani mdogo mno.
Mvujo: kutoroka kwa umeme kwenda sehemu isiyostahili kuubeba.
Mkwamo: kukataa kuzunguka kwa mota kwa sababu isiyo ya umeme.
Waya hai: waya unaobeba umeme kwa wakati huo.
Waya wa ardhi: waya unaounganisha bati la kifaa na udongo kwa usalama.

Pamoja na hizo, twapendekeza kwamba kila orodha ya istilahi za ufundi itakayoandaliwa iwe na sehemu ya vitenzi, ikionyesha kitenzi kipi kitumike kwa swichi, kipi kwa plagi na kipi kwa skrubu, na vipi viepukwe.

HITIMISHO

Yawezekana mtu akauliza: je, mafundi wa Mlabani wataacha kusema shoti kwa sababu jarida limesema? Hapana, hawataacha kwa amri, wala hatutaki amri. Lakini kijana anayeanza kazi leo alisoma sayansi yake ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia katika ufundi unaofundishwa kwa karatasi za lugha ya kigeni na kwa maneno ya kusikia. Kati ya darasa lile na karakana hii pana pengo, na daraja la kulivuka ni maandishi mazuri ya kazi. Akiyakuta maneno mkato na mvujo katika karatasi iliyobandikwa ndani ya kifaa, atayatumia, kwa sababu yatamwokolea muda. Na mwenye nyumba atayajua, kwa sababu yatamwokolea fedha.

Twawaomba mafundi, wapishi, walimu na wafasiri wayapime maneno haya katika kazi zao na kutuletea hoja zao. Neno litakalomchanganya mpishi mmoja tu mwenye mkono juu ya swichi, tutakuwa tayari kulitupa.